Kuku jana wazima, leo wamekufa: tuanzie wapi?



Juzi alfajiri kijana mmoja wa Kizimkazi Dimbani kanipigia simu: "Bwana mifugo, kuku sita wamekufa, na jana walikula vizuri tu!" Nilipofika, jirani keshamwambia ni jicho. Mimi nikamuuliza mambo matatu. Nawe jiulize hayo hayo.

1. Wamekufa vipi?
Akifa mmoja na wengine wazima, huenda ni nyoka au yai limekwama. Wakifa wengi mchana wa kaskazi, huku wanahema midomo wazi, shuku joto. Wakifa pamoja muda mfupi baada ya kula, fikiria sumu ya panya au mabaki ya chakula yenye chumvi nyingi. Lakini wakifa leo wawili, kesho watano, keshokutwa kumi, hayo yanaelekea kuwa maradhi ya kuambukiza.

2. Dalili gani?
Kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kutetemeka, miguu au mbawa kupooza: shuku mdondo (kideri). Upanga wa kichwani ukigeuka zambarau na kuku kafa ghafla, huenda ni kipindupindu cha kuku. Dalili hufanana, hata na mafua makali ya ndege, kwa hiyo usishike mzoga kwa mkono mtupu.

3. Nani kaingia bandani?
Hapa ndipo tulipopata jibu. Wiki iliyopita alinunua majogoo wawili, akawachanganya siku ile ile. Mdondo hujificha siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6, ndipo dalili zitoke.

Ufanye nini?
- Tenga wagonjwa. Usiuze, usigawe, usichinje kuwahi hasara. Hivyo ndivyo maradhi yanavyohama kijiji.
- Mzoga mmoja ambao haujaoza funga kwenye mifuko miwili, weka kwenye barafu, mpigie afisa mifugo aupeleke maabara. Iliyobaki choma au fukia chini sana.
- Usikimbilie antibiotiki. Mdondo ni kirusi, hauna dawa. Nilipoanza kazi nilimwambia mama mmoja anunue antibiotiki kabla sijachunguza. Pesa yake ya akiba ikaisha, na kuku wakaisha. Kosa lile silisahau.

Kinga ndiyo mtaji
Chanjo ya I-2 inastahimili joto kuliko nyingine, ila usiiache juani. Tone moja kwenye jicho moja, kila miezi mitatu, vifaranga na wakubwa siku moja. Chanja kuku wazima, na uwape kama wiki mbili kinga ijengeke. Chupa moja hutosha kuku wengi, basi changeni na majirani. Kuku mgeni mtenge angalau wiki mbili.

Yule kijana alikuwa na kuku 40, wengi keshawaahidi hotelini. Wamebaki tisa. Chupa ya chanjo ingemgharimu chini ya bei ya kuku mmoja.