NYUKI WA MWITU NA KAHAWA YA KALINZI

Wazee walisema, "Fuata nyuki ule asali." Katika somo hili twataka kumfuata nyuki, si kwa ajili ya asali, bali tupate kujua akaapo na alapo, maana mavuno ya kahawa yanamtegemea kuliko watu wengi wadhanivyo.

Nyuki si wa namna moja. Ulimwenguni zimejulikana namna zaidi ya 20,000, na walio wengi hawafugwi wala hawana mzinga. Wako nyuki wa asali tuwajuao sote. Wako nyuki wadogo wasiouma, wakaao katika mapango ya miti mikubwa. Wako nyuki wakubwa weusi watoboao mbao kavu. Na wako wengi sana waishio mmoja mmoja, kila jike akichimba tundu lake ardhini, au akiingia katika bua kavu, atage mayai yake humo.

Nyuki hawa huchukua unga wa ua moja na kuupeleka katika ua jingine, na kwa kazi hiyo matunda hushika. Ni kweli kwamba ua la kahawa ya arabika laweza kujizalisha lenyewe. Ndiyo sababu mkulima hupata buni hata asipomwona nyuki shambani. Lakini nyuki huzidisha mavuno. Wataalamu waliopima kahawa katika Kilimanjaro walitoa habari mwaka 2014 kwamba matunda ya matawi yaliyofikiwa na nyuki yalikuwa mazito zaidi kwa 7 katika mia. Na katika shamba moja la nchi ya Kosta Rika, habari zake zilizotolewa mwaka 2004, miti iliyokuwa karibu na msitu, yapata kilometa moja, ilizaa zaidi kwa 20 katika mia.

Kwa nini ukaribu wa msitu? Maua ya kahawa hudumu siku mbili tatu tu, kisha hunyauka. Je, nyuki atakula nini siku nyingine zote za mwaka? Naye atalala wapi? Kahawa humkaribisha nyuki kama mgeni. Chakula chake cha kila siku na nyumba yake vimo katika pori, vichaka na magugu ya kando ya njia. Tena nyuki wadogo hawaruki mbali. Wengi wao huishia mita mia chache. Basi pori lililo mbali mlimani haliwezi kusaidia shamba lililo bondeni.

Hapa Kalinzi ardhi ni ya vilima, watu wameongezeka, na kila mwenye jembe hutafuta mahali pa kulima. Mti mkuu wenye pango ukikatwa, kundi zima limepoteza nyumba. Moto wa kiangazi huteketeza mabua pamoja na mayai yaliyomo. Mizinga ya magome huua miti ile ile impayo nyuki maua. Kila jambo ni dogo peke yake. Yakijumlishwa, shamba lakosa watenda kazi wake, nao hawadai ujira.

Yafaa kufanya haya:

1. Acha miti ya kivuli na migomba katikati ya kahawa, na maua ya namna mbalimbali mipakani.

2. Usilime mpaka ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu katika mita 60 kutoka mtoni. Ukanda huo ni nyumba ya nyuki na ulinzi wa maji pia.

3. Bakiza mahali padogo pasipoguswa na jembe wala moto.

4. Usinyunyize dawa ya kuua wadudu wakati kahawa imechanua.

5. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kijiji chaweza kupanga matumizi ya ardhi yake. Katika mkutano wa kijiji, ombeni vipande vya pori viachwe karibu na mashamba, si mbali tu.

Ndugu mkulima, kahawa yako itakapochanua tena, simama kitambo chini ya mti mmoja asubuhi penye jua, usikilize. Ukisikia uvumi wa nyuki, tazama waendako, ukapahifadhi mahali hapo. Usiposikia kitu, tazama ulichofyeka mwaka jana, uanze hapo kupanda.