Mwanariadha na Lango la Mbuga: Kanuni Zinasema Nini, na Anayetaka Zibadilike Aende Wapi

SOMO KWA WAKAZI

Mbio ndefu za milimani zimewafungulia Wakenya mlango mwingine wa riziki. Hizi si mbio za uwanjani wala za barabara ya lami. Mkimbiaji hupanda na kushuka njia za miguu, kwenye mawe na matope, wakati mwingine kwa saa nyingi mfululizo. Patrick Kipngeno alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima nchini Thailand mwaka 2022, kisha akautetea nchini Austria mwaka 2023. Vijana wa Moi's Bridge, Kitale na Bungoma wanaotazama matokeo hayo wanajua kwamba mafunzo ya mbio za namna hiyo hayapatikani kwenye tambarare ya mashamba ya mahindi. Yanahitaji mlima, na mlima wa hapa ni Elgon.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya njia nzuri za kupanda Elgon kwa upande wa Trans Nzoia ziko ndani ya mbuga ya kitaifa. Mbuga ina lango, saa zake, ada na kanuni. Mwanariadha ana ratiba yake, ambayo mara nyingi haipatani na hayo yote. Somo hili linaeleza mvutano huo unatoka wapi, sheria inasema nini, na mkazi anaweza kufanya nini bila kujiingiza matatani.

Mambo manne yanayogongana

La kwanza ni saa. Mwanariadha hupenda kuanza kabla ya jua kuchomoza, kukiwa bado na baridi. Mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Anayetaka kukimbia saa 10 alfajiri, au kuzoea mbio za usiku kwa kurunzi ya kichwani, hukuta lango limefungwa.

La pili ni ada. Kiingilio hulipwa kwa siku, kupitia mtandao wa eCitizen, wala si kwa fedha taslimu langoni. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko mgeni, lakini mtalii huja mara moja kwa mwaka, ilhali mwanariadha anayefanya mazoezi ya mlima mara tatu kwa wiki angelipa takriban mara 12 kwa mwezi. Kwa kijana ambaye bado hajashinda zawadi yoyote, huo ni mzigo.

La tatu ni kukimbia peke yake. Anayepanda kuelekea kilele cha Koitoboss, kilicho juu ya mita 4,000, hutakiwa kuongozana na askari wa wanyamapori. Askari hutembea, mkimbiaji hukimbia. Mmoja lazima amsubiri mwenzake.

La nne ni mizigo. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu, fuo na maeneo mengine ya hifadhi nchini Kenya. Chupa ya maji ya dukani, ambayo wakimbiaji wengi hubeba mkononi, hairuhusiwi kupita langoni.

Kwa nini kanuni ziko hivyo

Si rahisi kutii kanuni ambayo sababu yake haijulikani. Mbuga mbili zilizo karibu na wakazi wa eneo hili zinaonyesha sababu hizo waziwazi.

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, iliyoanzishwa mwaka 1974, ndiyo ndogo zaidi nchini. Ukubwa wake ni takriban kilomita 3 za mraba. Iliundwa hasa kumlinda nzohe, ambaye wengi humwita sitatunga, swala mwenye kwato ndefu zilizotanuka zinazomwezesha kutembea juu ya kinamasi. Anapoona hatari, hujizamisha majini na kubakiza pua tu. Nzohe hula zaidi asubuhi mapema na jioni, saa zilezile mwanariadha anazozitamani. Humo watu hutembea kwa miguu, kwenye vijia na madaraja ya mbao, kwa hiyo mguu wa binadamu si mwiko. Lakini kundi la watu 20 wakipita mbio kwenye eneo dogo kiasi hicho, kila asubuhi, mnyama hana pengine pa kuhamia.

Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina ukubwa wa kilomita 169 za mraba. Humo mna ndovu, nyati na chui. Ndovu wa Elgon wanajulikana duniani kwa kuingia mapangoni gizani, hasa Pango la Kitum, kuchimba na kula udongo wenye chumvi. Maana yake ni kwamba usiku, wakati mkimbiaji anadhani njia ni yake peke yake, ndovu nao wako safarini. Nyati aliyelala kichakani humwacha mtu anayetembea na kuzungumza akapita, kwa kuwa amemsikia tangu mbali. Anayekimbia kimya kwenye kona humfikia ghafla, na nyati aliyeshtushwa hushambulia.

Mapango yenyewe yana hatari nyingine. Wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, waliugua na kufariki kwa virusi vya Marburg, na wote wawili walikuwa wamezuru Pango la Kitum kabla ya kuugua. Mkimbiaji aliyenyeshewa asikimbilie pangoni kujikinga bila mwongozo wa askari.

Lipo pia suala la uokoaji. Hali ya hewa ya mlimani hugeuka haraka. Ukungu ukishuka, njia hupotea. Aliyejiandikisha langoni hutafutwa asiporudi. Aliyepenya kwenye ua hakuna anayejua kama yumo.

Nani ana mamlaka gani

Wakazi wengi hupeleka malalamiko ya mbuga kwa serikali ya kaunti. Ni vyema kujua mgawanyo wa kazi. Kwa mujibu wa Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, na mbuga za kitaifa husimamiwa na KWS. Kaunti ina jukumu la michezo na vifaa vya michezo, pamoja na bustani na maeneo ya burudani ya kaunti. Kwa hiyo kaunti haiwezi kumfungulia mwanariadha lango la Chorlim, lakini inaweza kumsemea.

Misitu ya serikali iliyo nje ya mbuga iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS), kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kanuni zake si sawa na za mbuga. Mkimbiaji anayetumia barabara ya msituni anapaswa kuuliza kwenye kituo cha misitu kilicho karibu, badala ya kudhani kwamba pasipo na lango hapana kanuni.

Adhabu nayo ijulikane. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 102, inasema kwamba anayeingia mbuga ya kitaifa bila kibali anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka miwili, au vyote viwili. Kifungu hicho hakimtofautishi mwindaji na mwanamichezo. Kijana aliyejinyima kiingilio cha siku moja anaweza kupoteza msimu mzima, au miaka miwili.

Wengine walifanyaje

Mvutano huu haupo hapa tu. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umevutia wakimbiaji wa kasi kwa muda mrefu. Mtanzania Simon Mtuy aliweka rekodi ya kupanda na kushuka mwaka 2006. Mwaka 2010 Kilian Jornet wa Uhispania aliivunja, na mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador akapanda na kushuka kwa chini ya saa 7. Mpandaji wa kawaida hutumia siku tano au zaidi, hulipa ada kwa kila siku, na hutakiwa kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mtu anayefika kileleni kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana mkimbiaji wa namna hiyo hana budi kuzungumza na uongozi wa hifadhi kabla ya siku yake.

Nchini Marekani, mwaka 2024, mkimbiaji mmoja alipanda na kushuka mlima wa Grand Teton kwa takriban saa 2 na dakika 50. Katika kushuka alikata kona kwa kupita njia iliyokuwa imefungwa ili ardhi isimomonyoke. Waandikishaji wa rekodi za aina hiyo walikataa kuitambua, naye akafikishwa mahakamani. Mwaka 2025 alipatikana na hatia, na baadaye mwaka huohuo akapata msamaha wa Rais. Njia ya mkato ilimwokolea muda mchache na kumgharimu zaidi ya mwaka mzima wa kesi.

Mfano mzuri uko hapa nchini. Tangu mwaka 2000, marathoni ya Lewa hukimbiwa ndani ya hifadhi yenye ndovu, vifaru na simba. Siku hiyo askari hupangwa njiani, na helikopta hutumika kuangalia wanyama wako wapi. Fedha zinazochangwa husaidia uhifadhi, shule na huduma za afya. Wanyama hawakuhamishwa, wala wakimbiaji hawakufukuzwa. Tofauti ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana mapema kuhusu siku, njia na ulinzi.

Lalamiko lina njia yake

Kusema kwamba kanuni zina sababu si kusema kwamba haziwezi kuboreshwa. Hoja ya ada ya kila siku kwa mwanariadha wa hapa ina uzito, na mwenye hoja asiinyamazie. Sheria ya 2013 inataka mipango ya usimamizi wa mbuga itayarishwe kwa kushirikisha umma. Pia kila kaunti huwa na Kamati ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Fidia, yenye maafisa wa serikali na wawakilishi wa jamii.

Ombi la kikundi husikika kuliko la mtu mmoja. Klabu ya riadha iliyosajiliwa inaweza kuandika barua kwa msimamizi wa mbuga, nakala kwa ofisi ya michezo ya kaunti, ikipendekeza jambo mahususi: kwa mfano kiingilio cha mwezi kwa wanariadha waliosajiliwa, siku maalumu za mazoezi pamoja na askari, au njia moja ya chini ya mlima iliyo mbali na mapito ya ndovu. Klabu nayo iseme itatoa nini: kuokota taka, kupanda miche, au kuripoti mitego inayoonekana njiani. Huko Kaptagat, wakfu wa Eliud Kipchoge ulichukua jukumu la kutunza hekta 50 za msitu ambamo wanariadha hufanyia mazoezi. Anayetunza mahali husikilizwa anapopaombea ruhusa.

Kabla ya kwenda mlimani

1. Lipa kiingilio kwenye eCitizen na uweke risiti kwenye simu.
2. Jiandikishe langoni, taja njia utakayopita na saa utakayorudi.
3. Nenda na mwenzako, na ukubaliane na askari kuhusu mwendo.
4. Beba maji kwenye chupa ya kutumika tena. Rudi na kila karatasi.
5. Usikate kona wala kufungua njia mpya.
6. Ukiona nyati au ndovu, simama, rudi nyuma polepole, usipige kelele.
7. Toka kabla ya saa 12 jioni.

Maswali ya kujadili katika klabu na baraza

1. Ni njia zipi nje ya mbuga zinazoweza kutumika kwa mazoezi ya kila siku, ili safari ya mbugani ibaki kwa siku muhimu?
2. Iwapo klabu yenu ingeomba jambo moja kwa KWS, lingekuwa lipi, na mngetoa nini kwa upande wenu?
3. Nani katika kata yenu atabeba barua hiyo, na lini?