Mwanamume Aliyeota Matiti: Je, Yafaa Kupasuliwa?

Katika darasa yetu tumeletewa mas'ala kutoka Kataboi, kijiji kilichoko ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana. Muulizaji asema ya kwamba kijana mmoja wa kiume ameota matiti mfano wa msichana. Havui shati mbele ya wavuvi wenziwe, na swala ya jamaa ameiacha kwa kuogopa macho na maneno ya watu. Tabibu amemwambia kuwa yaweza kuondolewa kwa kupasuliwa. Lakini wazee wamemkataza, wakisema ni kubadili umbo la Mwenyezi Mungu. Je, ni kweli?

Jawabu: Kumpasua huyo si haramu. Ni tiba katika jumla ya tiba. Lakini kabla ya kisu lipo jambo la kutazamwa, nalo huenda likawa ni la uhai na mauti, tutalifikia inshaallah.

Hao wazee hawakusema kwa upuuzi. Wameshika aya ya 119 ya Suratun Nisaa, inayotaja kiapo cha Shetani kwamba atawaamrisha watu wabadili alivyoumba Mungu. Na wameshika hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, iliyowalaani wanawake wachongao meno ili wapendeze. Ila hadithi hiyo yenyewe imetaja sababu, nayo ni kutafuta uzuri. Imam Nawawi alipoisherehesha alibainisha kuwa lililoharimishwa ni lile la kujipamba. Ama afanyaye kwa kujitibu, au kwa aibu iliyoko katika jino, hapana ubaya. Tena ipo habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitilia pua ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Nasi twajua ya kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi ikiwa kilicho haramu kiliruhusiwa ili kuondoa aibu ya uso, itakuwaje kuondoa nyama iliyozidi kifuani? Na katika mwaka 2007 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, ilipitisha kuwa yafaa kutengeneza kasoro za kuzaliwa nazo na zilizozuka baadaye, zikiwa zamdhuru mtu mwilini au nafsini.

Wapo wanaomwita kijana kama huyu khuntha, na wengine husema atazamwe upya kama ni mwanamume. Huu ni ujinga juu ya ujinga. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipotaja alama za kumpambanua khuntha, kauli iliyo sahihi kwao ni kwamba kuota matiti si alama ya uanamke. Hata maziwa yakimtoka mwanamume, hayathubutishi unyonyeshaji, kwa kuwa sharti yake yatoke kwa mwanamke. Wao waliyajua haya zamani, wakayaandika bila ya kicheko. Anayemtungia mwenziwe lakabu kwa maradhi yake na aisome Suratul Hujurat, aya ya 11, kisha ajihesabu mwenyewe.

Wala upasuaji huu si uzushi wa Wazungu. Abul-Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliuwekea mlango mbali katika sehemu ya 30 ya kitabu chake At-Tasrif. Aeleza kuwa baadhi ya wanaume huvimba matiti wakati wa kubaleghe, yakabaki hivyo, yakachukiza. Dawa yake ni kukata mkato wa umbo la mwezi mwandamo, kuyatoa mafuta yote yaliyomo, na kutia dawa ya kuponya jeraha. Yakiwa yameanguka kwa ukubwa, hukatwa mikato miwili ya hilali inayokutana ncha, ngozi ya katikati ikaondolewa na kingo zikashonwa. Alikuwa Mwislamu akiandikia Waislamu, naye aliihesabu kazi hii kuwa ni utabibu.

Sasa tuje kwenye lile tuliloliahidi, nalo ni sababu.

Katika kila mwanamume imo homoni ya kike kidogo, na ini ndilo liivunjalo. Mizani ikiharibika, matiti huota. Kwa wavulana wa miaka 13 au 14 ni jambo la kawaida. Yapata nusu yao au zaidi hulipata, na kwa wengi huondoka lenyewe kwa miaka miwili au mitatu. Huyo haambiwi apasuliwe, huambiwa asubiri. Ini likiugua, kwa pombe au kwa jinginelo, homoni hiyo huzidi. Daktari J. N. P. Davies, aliyekuwa Kampala, aliandika mwaka 1949 katika jarida la matabibu wa Uingereza juu ya hali hii kwa Waafrika, akaihusisha na maradhi ya ini na chakula duni. Na njaa nayo ina ajabu yake: wafungwa wa vita waliotoka katika kambi za Wajapani mwaka 1945 waliota matiti walipoanza kula wakashiba. Nchi iliyoonja ukame wa 2011 na ule wa 2020 hadi 2022 yafaa ilijue hili, isidhani kuwa ni uchawi.

Kisha kuna dawa. Spironolaktoni, itumiwayo kwa maji ya tumbo na maradhi ya moyo, huyaleta. Ketokonazoli vilevile. Na efavirenzi, iliyokuwa katika vidonge vya wenye virusi vya UKIMWI, imejulikana kwa jambo hili. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa Kenya umeiweka dolutegraviri mahali pake kwa wagonjwa wengi. Hapa ndipo penye hatari. Mtu huona kifua chake kimebadilika, akaogopa kuchekwa, akavitupa vidonge kwa siri, naye ndivyo vilivyokuwa vikimweka hai. Kufanya hivyo hakujuzu, kwani ni kujitia katika maangamizo. Aende kwa tabibu wake, aseme wazi, abadilishiwe dawa. Siri ya mgonjwa ni amana, na tabibu hacheki.

Likiwa ni donge gumu la upande mmoja, au chuchu yatoka damu, au pumbu lina uvimbe, asingoje hata mwezi. Saratani ya titi huwapata wanaume pia.

Akishachunguzwa, na sababu ikaondolewa, na mwaka ukapita matiti yangaliko, hapo kisu kina mahali pake. Siku hizi mpasuaji hukata kwenye ukingo wa chini wa duara la chuchu ili kovu lisionekane sana, akatoa tezi, na mafuta akayanyonya kwa mrija. Ama aliye na mafuta matupu kwa unene, apunguze kula kwanza. Huyo kwetu hana dharura.

Imebaki tohara. Kifua si kiungo cha udhu, basi mwenye bandeji kifuani atatawadha kama desturi. Ila dawa ya usingizi hutangua udhu. Akiwa na janaba aoge kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, kwani aliyefungwa bandeji hali ana janaba atazirudia swala alizoziswali kwa kupangusa. Akipatwa na janaba jeraha halijapona, ataosha mwili ulio mzima, atapangusa juu ya bandeji yote kwa maji, na atatayamamu kwa sehemu iliyofunikwa.