Kabla hujanunua Discovery 3 iliyotumika, piga hesabu hizi

Land Rover Discovery 3 ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009. Leo ukiikuta Dar es Salaam ikiwa na namba B au C, dalali atakutajia bei inayotamanisha: siti saba za ngozi, injini ya V6, uwezo wa kupita kwenye tope, kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ilipokuwa mpya. Mimi ninayo, naipenda, na naihudumia kwa fedha zangu mwenyewe. Neno langu kwa anayeitaka ni moja: gari hushuka bei, vipuri vyake havishuki.

Kwa hiyo kabla hujalipa, tenga theluthi nyingine ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Fedha hiyo isiguswe kwa rimu wala muziki. Kisha fuata hatua hizi.

1. Likague likiwa limelala

Discovery 3 nyingi hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mwombe mwenye gari aliegeshe jioni mahali tambarare. Chukua futi, pima kutoka katikati ya kila tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, andika vipimo vyote vinne. Rudi asubuhi, upime kabla halijawashwa. Likiwa limezama sana, au limeinama upande mmoja, kuna mahali panavuja. Usilichukulie jambo hili kirahisi: tundu dogo huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue, na kompresa ni kipuri cha bei.

2. Dai risiti ya mkanda

Kwa injini ya dizeli ya lita 2.7, ratiba ya Uingereza ni kubadilisha mkanda wa taimingi kila kilomita 168,000 hivi au miaka 7, kinachotangulia. Kwa hiyo hata gari lililotembea kidogo linaweza kuwa limepitiliza. Mkanda ukikatika, valvu na pistoni hugongana, na hapo unazungumzia injini nzima. Nyuma ya injini upo mkanda wa pili, mdogo, unaozungusha pampu ya dizeli. Badilisha yote miwili. Kama risiti hakuna, chukulia haujabadilishwa, na gharama hiyo uikate kwenye bei.

3. Usibane matumizi kwenye oili

Gia boksi ya ZF yenye gia sita inataka oili yake maalumu. Chujio limejengwa ndani ya sampo ya plastiki, hivyo ukibadilisha chujio unanunua sampo nzima. Oili ya injini mimi huibadilisha mapema kuliko ratiba, kwa sababu ya foleni, joto na vumbi letu.

4. Uliza bei ya ufundi kwanza

Ili kuifikia turbo, mafundi wengi hunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesisi. Kazi hiyo inahitaji lifti na fundi anayelijua gari, kwa hiyo ukiuliza bei ya turbo pekee umeuliza nusu ya swali. Tafuta gereji yako kabla ya kutafuta gari.

5. Pima ndipo ubadilishe

Betri ikichoka, dashibodi hujaa taa za hitilafu zisizohusiana kabisa na betri. Anza nayo. Kisha soma hitilafu kwa kompyuta inayoielewa Land Rover kabla ya kununua kipuri chochote.

Mwisho, hesabu za kila siku: gari lina uzito wa takriban tani mbili na nusu, hivyo linakula bushi, brekipedi na matairi haraka kuliko gari dogo. Bima kubwa nayo iingie kwenye bajeti.

Ukijumlisha yote hayo na bado mfuko unaruhusu, linunue kwa moyo mweupe. Kwenye barabara ya vumbi ya safari ndefu litakulipa raha yake. Hesabu zikigoma, nunua gari la hadhi ya chini lakini lenye afya. Familia yako inahitaji gari linalofika.