Misimu Yetu na Mafunzo ya Watoto Majumbani

Katika vitabu vya picha wanavyonunuliwa watoto wetu mna kurasa za misimu ya mwaka: ukurasa wa majani yanayopukutika, ukurasa wa theluji, ukurasa wa maua yanayochanua baada ya baridi, na ukurasa wa kiangazi. Kila ukurasa una kazi yake ya mikono. Mtoto huambiwa abandike pamba iwe theluji, au aokote majani mekundu ayagundishe kwenye karatasi. Vitabu hivyo si vibaya kwa wenyewe, kwani vimetungwa katika nchi zenye majira hayo manne, na mtoto wa huko atokapo nje huyaona kwa macho yake yale aliyoyafanya kwa mikono yake. Ama mtoto wa Mombasa, wa Malindi au wa Lamu, akizifanya kazi hizo hutoka na fundisho moja tu: kwamba elimu ni kitu kilichoko mbali na hapa alipo. Mwulizeni habari za theluji, atawaeleza. Kisha mwulizeni kusi lavuma kutoka upande gani na huanza mwezi gani, mtamwona awatazama tu.

Nalo jambo hili si dogo kwetu sisi Waislamu. Nyakati za Sala zetu zategemea jua, Saumu na Hija zetu zategemea mwezi, udhu wetu wategemea maji, na zaka ya Fitri yategemea kipimo. Mtoto anayejua Alasiri kwa sababu simu ya babake imeadhini, wala hajapata kuona kivuli kikirefuka, amepewa jina la kitu pasi na kitu chenyewe. Mtoto huyo akikua ndiye atakayegombana na nduguze kila mwaka juu ya mwandamo wa mwezi, na hajui mwezi mwandamo hutazamwa upande gani wa mbingu. Watu wazima wa namna hii twawaona, na ni wengi.

Basi twataka katika somo hili kuwaonyesha wazazi namna ya kuwafunza watoto wadogo nyumbani, kwa mikono yao, kwa kuufuata mwaka wetu wenyewe. Hatusemi watoto watolewe chuoni au skulini. Lakini tazameni likizo za skuli za Kenya: huwa mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti, na mwisho wa mwaka. Ya Aprili hukutana na mvua za masika, ambazo wengi wetu twaziita mvua za mwaka; ya Agosti huwa katika kipupwe, na kusi lingali lavuma; na ya mwisho wa mwaka huanza na vuli na kumalizikia katika kaskazi. Kila likizo imekuja na msimu wake mlangoni, na mtoto yumo ndani na simu.

Kanuni tutakayoifuata ni moja, nayo ni kazi moja kwa watoto wote, na kila mmoja na fungu lake. Mama mwenye watoto watatu, wa miaka minne, wa saba na wa kumi na moja, hawezi kuwa na darasa tatu jikoni mwake, wala hana haja nazo. Mdogo apewe kugusa, kubeba na kutaja. Wa kati apewe kuhesabu na kupima. Mkubwa apewe kuandika, kueleza sababu, na kuwafunza wadogo zake, kwani hapana anayelijua jambo vizuri kama yule aliyelazimika kumweleza mtoto wa miaka minne.

Tuanze na jua, kwa kuwa halina msimu linalokosa. Chukueni fito lililonyooka lenye urefu wa mita 1, mlisimamishe uani au juu ya dari mahali pasipofunikwa na nyumba ya jirani. Kuanzia saa 5 na nusu mchana, kila baada ya dakika kumi, mdogo aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Wa kati apime kwa rula toka shina la fito mpaka kijiwe. Vivuli vitapungua, kisha vitaanza kurefuka tena. Kile kilichokuwa kifupi kuliko vyote ndicho cha jua kusimama kati, na pindi jua linapopinduka hapo ndipo Adhuhuri inapoingia. Mkubwa na aandike kipimo hicho na tarehe yake daftarini. Alasiri watoke tena: kwa madhehebu yetu ya Shafi, wakati wake huingia kivuli kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwako jua liliposimama kati. Mtoto wa miaka saba, na huo ndio umri tulioamrishwa kuwaamuru Sala, aweza kabisa kuijumlisha hesabu hiyo kwa vijiwe.

Lakini faida kubwa huja wakirudia kazi ile ile msimu mwingine. Mwishoni mwa Juni, hapa Mombasa, kivuli kifupi cha fito hilo la mita 1 huwa kiasi cha sentimita 52, nacho hulala upande wa kusini. Mwishoni mwa Disemba huwa kiasi cha sentimita 35, nacho hulala upande wa kaskazini! Mtoto atauliza kwa nini kivuli kimegeuka, na hilo ndilo swali tulilokuwa tukilitafuta. Sababu yake ni kwamba sisi tuko kiasi cha digrii 4 kusini ya mstari wa ikweta. Wakati wa kusi jua la mchana hupita kaskazini yetu, na wakati wa kaskazi hupita kusini yetu. Baina ya hayo mna siku mbili, moja kiasi cha tarehe 10 Machi na nyingine kiasi cha tarehe 3 Oktoba, ambapo jua hupita utosini hasa na fito likakosa kivuli. Siku hizo mdogo asimamishwe juani aambiwe akitafute kivuli chake. Atakikuta chini ya nyayo zake, na kicheko atakachocheka hatakisahau.

Na iko siku nyingine isiyofaa kupitwa nayo. Tarehe 28 Mei, kiasi cha saa 6 na dakika 18 mchana, na tena tarehe 16 Julai, kiasi cha saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Makka utosini. Saa ya Makka na saa ya Kenya ni moja, kwa hivyo hapana hesabu ya kugeuza. Wakati huo atakayelielekea jua ameelekea Kibla. Piga mstari kutoka ncha ya kivuli mpaka shina la fito, na mstari huo wakwenda Makka. Watoto wa Mombasa watauona wakwenda kaskazini moja kwa moja, kwani Mombasa na Makka zakaribia kuwa katika longitudo moja. Wa Lamu watauona umeinama kidogo upande wa magharibi. Kisha mkubwa na aulinganishe na mihrabu ya msikiti wa mtaani. Twawasihi kina baba wasimkataze.

Mwezi nao una kazi yake ya kila usiku. Qurani imeitaja miezi miandamo kuwa ni vipimo vya nyakati za watu na za Hija. Na kipimo ni kitu cha kutumiwa. Tangu usiku wa kwanza mpaka wa 29 au 30, watoto watoke wautazame mwezi kisha wauchore. Mdogo akate chapati yake kwa umbo la mwezi wa usiku ule kabla hajaila. Mtaona jambo ambalo vitabu vya kigeni havilionyeshi: kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hulala kama mashua, hausimami kama unavyochorwa katika picha. Tena watajua kuwa mwandamo hutazamwa magharibi baada ya jua kutua, wala si mahali pengine.

Mkubwa na apewe hesabu hii. Ramadhani ya mwaka 2016 iliingia mwezi wa Juni, katika baridi ya kipupwe; ya mwaka 2025 ikaingia mwanzoni mwa Machi, katika joto la kaskazi. Imerudi nyuma siku ngapi, na kila mwaka hurudi siku ngapi? Atapata kumi au kumi na moja. Mpeni karatasi ya duara, aigawe misimu yetu ndani yake, kisha aitembeze Ramadhani. Atajionea kuwa huizunguka misimu yote kwa kiasi cha miaka 33.

Mwezi huo huo ndio unaotupeleka pwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu. Siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, wakati mwema wa kuwachukua watoto. Nyumbani kabla ya kutoka, mkubwa akisie kwa kuutazama mwezi wa jana. Huko pwani mdogo aokote simbi na makombe yasiyo na mdudu ndani; wa kati achomeke vijiti mchangani kila maji yanaposogea, aone yaendavyo; mkubwa arudi kesho na kesho kutwa aone kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku. Penye mikoko, na watazame mbegu za mkoko zilivyokwisha kuota zingali zaning'inia mtini. Lakini watoto wasiende peke yao. Maji ya bamvua hurudi kwa haraka, na mwambani mna miiba na wadudu wenye sumu, basi viatu viwe miguuni na mtu mzima awe mbele.

Zikija mvua, tafuteni kopo lenye ubavu ulionyooka, mliweke uwanjani. Kila asubuhi wa kati atie rula asome milimita. Mombasa hupata kiasi cha milimita 1000 kwa mwaka, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Kwa mkubwa iko hesabu nzuri: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la mita 10 kwa mita 5, likinyeshewa milimita 20, limepokea lita 1000. Hapo ataelewa kwa nini wazee wetu walikuwa wakiyakusanya maji ya dari katika majabia. Na pengine atauliza kwa nini sisi, tunaonunua maji kwa mitungi, tunayaacha yaende zake mtaroni. Msione haya akiwauliza.

Siku hiyo hiyo wekeni beseni chini ya mfereji, kila mtoto atawadhe juu yake kama ilivyo ada yake, kisha wa kati ayapime maji kwa kibaba. Imepokewa kuwa Mtume, Sala na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, nao ni mjazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Kila mmoja na ahesabu ametumia mudi ngapi. Kipimo hicho hicho watakihitaji mwisho wa Ramadhani: vibaba vinne ni pishi, na pishi moja ya chakula ndiyo zaka ya Fitri ya kila mtu. Wapeni watoto mchele na kibaba, wapime wao kwa idadi ya watu wa nyumbani, na wao wenyewe waupeleke kwa maskini. Wengi wetu siku hizi hutoa noti wakamaliza, na mtoto hakuona kitu.

Vuli ni ya kupanda. Kunde ndizo bora kwa wadogo, kwani huota kwa siku chache na mtoto wa miaka minne hana subira ya mnazi. Pandeni nyingine ndani ya bilauri yenye pamba iliyoroweshwa, zionekane zinavyotoa mzizi. Kaskazi ni ya tiara na ya habari za majahazi, yaliyokuwa yakija na upepo huo kutoka Arabuni na Bara Hindi na kurudi na kusi. Kipupwe ni cha kukaa na bibi na kujifunza kusuka ukili, wavulana na wasichana pamoja.

Huenda mtu akasema, "Haya ni michezo, na mtoto ana juzuu za kuhifadhi." Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameusia katika Ihya kuwa mtoto aachiwe acheze baada ya masomo yake, kwani kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo daima huuua moyo wake. Na Ibn Khaldun katika Mukadima yake ameonya juu ya ukali kwa wanafunzi, hasa walio wadogo. Hao si watu wa kuambiwa kuwa hawakuijua thamani ya Qurani. Na hapa kwetu, marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la al-Islah hapo Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waishike elimu ya dini na ya dunia pamoja, wala hakuwaacha wasichana nje.

Tumebakisha jambo moja la likizo ya Agosti. Tarehe 2 Agosti 2027 ni siku ya kupatwa kwa jua. Makka litafunikwa lote, na huku kwetu sehemu yake. Kabla ya siku hiyo, mkubwa awaonyeshe wenziwe kwa taa, chungwa na ndimu namna mwezi unavyopita baina yetu na jua, ili mdogo asije akatishwa kwa hadithi za uongo. Naye Mtume, alipofiwa na mwanawe Ibrahimu na jua likapatwa siku hiyo, aliwakataza watu kudhani kuwa jua hupatwa kwa kufa mtu. Siku yenyewe asitazame mtu juu kwa macho. Toboeni tundu dogo la sindano katika kipande cha kadi, mlipe jua mgongo, mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi nyeupe, na humo mtaliona jua limemegwa. Mdogo alitazame, wa kati alichore, mkubwa aandike saa. Kisha wote watawadhe, waende kusali Sala ya kupatwa kwa jua pamoja na wazazi wao.