Beberu wa kende moja mle, usimpandishe

Barua za wafugaji wa Kasulu na Kibondo mwezi huu zinarudia swali moja: je, beberu mwenye kende moja anafaa kwa mbegu? Hafai. Aliyekuuzia akakwambia moja inatosha alijua anauza nini.

Kende huumbika mimba ikiwa changa, kwa amri ya jeni iitwayo SRY iliyo kwenye kromosomu Y, ile anayoitoa baba. Zikishaumbika hutoa homoni: testosteroni, na nyingine ya kusaidia kuzishusha kutoka karibu na figo mpaka kwenye mfuko wake. Mbuzi huzaliwa zimeshashuka. Kwa hiyo msiniandikie kwamba mnasubiri akue kwanza. Mpapase akiwa na wiki moja.

Iliyokwama tumboni huunguzwa na joto la mwili na haitoi mbegu, ila homoni inatoa kama kawaida. Ndiyo maana beberu huyo ananuka, anapigana na kupanda kama wenzake. Nayo ile iliyoshuka inatungisha mimba. Angekuwa tasa ungemchinja mapema, lakini huyu anazaa, kasoro inaingia bandani, na majike wanaibeba bila kuonekana. Mama aliyemzaa usimrudishe kwa dume yuleyule.

Minadani kuna ubaya mwingine. Mchuuzi anakata ile inayoonekana, anamuuza kuwa amehasiwa. Ukifika naye nyumbani anasumbua majike msimu mzima, hakuna mimba, na lawama mnawatupia majike!

Tena dume mzuri, mwenye zote mbili na aliyekua upesi kuliko wenzake, mmeshampa mlanguzi kwa ajili ya Krismasi au Idi. Anayebaki kupanda ni yule ambaye mlanguzi alimkataa. Nimelisema hili kila msimu. Mbuzi hubeba mimba miezi 5: akipandwa Juni au Julai atazaa Novemba au Desemba, majani yameshachipua. Beberu wa kazi hiyo mchagueni sasa, na asiuzwe hata bei ipande vipi.

Kwa mliochanganya Saanen au Toggenburg: msipandishe jike na beberu ambao wote wamezaliwa bila pembe. Jeni ya kukosa pembe ikirithiwa kwa baba na kwa mama, mtoto aliyepaswa kuwa jike hutoka huntha asiyezaa. Mmoja wao awe na pembe; aliyechomwa pembe utotoni anahesabiwa kuwa nazo.