Bibi Kwanza, Mchezo Baadaye

Swali: Mama wa Makanyagio, Mpanda, anauliza: mwanawe aliyenyamaza tangu msiba atatibiwaje kwa michezo, ilhali bibi yake mtoto, wa Katumba, anasema kucheza matangani ni utovu wa adabu?

Jibu: Mtaalamu huanza na bibi. Katumba ilipokea Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kama bibi ni mmoja wao, huenda ukimya wa familia hiyo umemzidi mtoto umri.

Mmarekani Virginia Axline, aliyechapisha kitabu cha tiba ya michezo mwaka 1947, alimwacha mtoto auongoze mchezo. Njia hiyo inafaa Mpanda pia, ila vifaa viwe vya nyumbani: udongo, mdako, magari ya mabua. Mwanasesere wa nywele za dhahabu? Akae dukani.

Lugha achague mtoto, Kirundi au Kiswahili. Bibi akiridhia, asogeze mkeka karibu.